Seva ya Mbita Ikae Wapi?

Kati ya 2012 na 2015, kisiwani Rusinga, ng'ambo tu ya mji wetu wa Mbita, mradi wa SolarMal ulifunga mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua katika nyumba zaidi ya 4,000. Mitego imesifiwa vya kutosha. Mimi navutiwa na takwimu zilivyosafiri. Wahojaji walibeba tableti zenye orodha ya wakazi, wakajaza fomu mlangoni mwa mtu, mtandao uwepo usiwepo, kisha fomu zikapakiwa kwenye seva yenye programu huria ya OpenHDS. Seva ingekaa popote. Kazi ya mlangoni haikuingoja.

Mwenye duka la jumla la omena hapa Mbita, anayetafuta seva ya mauzo yake, huanza kwa kuuliza bei. Seva yake mwenyewe ataimiliki, sawa, lakini aongeze betri za kuishikilia stima ikipotea, usafishaji wa feni zinazozibwa na vumbi na wadudu wa ziwani, na fundi wa diski ambaye pengine yuko Kisumu. Seva pepe, yaani kipande cha mashine kubwa ya mwenzako, hulipiwa kwa mwezi. Huduma za wingu hupanuka wateja wakifurika na kupungua wakitulia, uwezo ambao duka la kaunta tatu halina la kuufanyia.

Halafu kuna M-Pesa. Ukiunganisha programu yako nayo, taarifa ya malipo hutumwa kwenye anwani iliyo wazi intanetini. Mashine ya chumba cha nyuma, inayotumia modemu ya laini ya simu, kwa kawaida haina anwani hiyo. Kwa hilo tu, sehemu ya malipo itoke nje ya duka.

Nje wapi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Kenya nzima ikaonja intaneti ya kusuasua. Microsoft na Amazon wameweka mitambo yao mikubwa ya Afrika huko Afrika Kusini, na safari ya kufika huko hupitia nyaya kama hizo. Ningekodi seva pepe Nairobi, na kauntani niweke programu inayohifadhi mauzo papo hapo na kuyatuma mtandao ukirudi.

Tatizo linalobaki ni kaunta mbili kuuza gunia lilelile mtandao ukiwa umekatika. Hilo seva haiwezi kulitatua, iwe ya chuma au ya wingu. Kila kaunta igawiwe magunia yake asubuhi, iuze hayo tu.