Ganda la Ngazi

Anayetoka Uvira kuelekea Baraka, mashariki mwa Kongo, Ziwa Tanganyika likiwa kushoto na milima ya Mitumba kulia, haoni mingazi, miti ya mawese, iliyopangwa kwa safu. Imeota huku na kule, katikati ya mihogo na migomba, mingine imeegemea kabisa ukuta wa nyumba. Aliyezoea mashamba makubwa, kama yale ambayo Mwingereza Lever, mtengeneza sabuni, aliyaanzisha upande wa magharibi wa Kongo baada ya mkataba wake na Wabelgiji wa 1911, anaweza kupita katikati ya shamba la mawese asijue.

Lakini mawese ya ziwa hili ni ya zamani kuliko Lever. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi, Aprili 1858, mafuta hayo mekundu yalikuwa bidhaa ya kawaida sokoni Ujiji. Watu wa mwambao hawakungoja kampuni iwafundishe kukamua.

Na ngazi, matunda ya mngazi, si za namna moja. Pasua tunda kwa panga utazame ganda. Dura, ambayo imejaa vijijini, ina ganda nene na nyama kidogo. Tenera ina ganda jembamba na nyama tele, kwa hiyo mafuta mengi. Pisifera haina ganda kabisa, ila mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Ni Kongo hiihii iliyofumbua fumbo hilo: mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa INEAC, taasisi ya kilimo ya wakoloni Wabelgiji, kule Yangambi, walieleza kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Mashamba ya Malaysia na Indonesia yametajirika kwa elimu hiyo. Mkulima wa Mboko au Swima, hapa mwambaoni, amefaidi nini? Si kikubwa. Anaona mti mzuri kwa jirani, anaomba mbegu, anapanda. Mama akiwa tenera na baba vilevile, nusu tu ya watoto hufuata wazazi. Robo hurudi kuwa dura, robo nyingine huwa pisifera. Habari hiyo anaipata miaka mitatu au minne baadaye, mti unapoanza kuzaa. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma nchini Tanzania, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za tenera zilizochavushwa kwa mkono, na hapo ndipo mwambao wa Kongo ungepaswa kuona wivu.

Lakini mbegu nzuri haikamui mafuta yenyewe. Kazi ya kukamua inataka subira na haraka, na fundi ndiye anayejua ipi inakuja lini. Mkungu ukishakatwa huachwa siku chache ili ngazi zilegee na kung'oka bila kupigwa sana. Ngazi iliyopondeka huanza kuchacha mara moja, na mafuta yake hukwaruza koo. Kwa hiyo zikishang'oka, hakuna kulala: zinatiwa kwenye pipa la maji na kuchemshwa kwa saa kadhaa, kwani moto ndio unaozuia uchachu. Zikilainika, zinapondwa, kisha zinaingia kwenye mashini ya chuma inayozungushwa kwa mikono. Kinachotoka ni uji mzito wa rangi ya matofali. Unachemshwa tena na maji, mafuta yanapanda juu, yanaenguliwa. Moto ukizidi, maji yakiisha, wekundu unapauka na mpishi wa sombe (kisamvu) atakataa kununua.

Mafuta yakishauzwa, yale ya bido (dumu) yanayopanda kwenda kwenye baridi ya milimani huganda njiani. Muuzaji mgeni hudhani ametapeliwa. Ziwani mafuta hayohayo hujigawa: mekundu laini juu, mazito ya njano chini. Wanunuzi wazoefu hutikisa bido kabla ya kutaja bei.

Hata dura, inayodharauliwa kwa nyama yake haba, ina watetezi. Ndani ya ganda lake nene mna mise kubwa, yaani kiini cha ngazi. Wanawake huyavunja maganda moja moja juu ya jiwe, mise hukaushwa, na mafuta yake, yaliyo tofauti kabisa na mawese, huenda kwa watengeneza sabuni kwa bei yake yenyewe.