Ramani za Lahaja na Maumbo ya Uongo

Ramani za lahaja zichorwazo kwa kompyuta hupendeza macho, lakini yafaa kuuliza ni maumbo yapi yatokayo katika lugha na yapi yaliyozaliwa na hesabu. Mtafiti ana nukta chache tu, yaani miji na vijiji alimoandika maneno. Baina yake hana ushahidi. Kompyuta huyajaza mapengo kwa makisio, na msomaji huyapokea kama habari.

Tulitazame neno moja. Kiamu husema ito, Kiunguja jicho, Kimvita jito. Mchoraji akiyapa tarakimu kwa taratibu ya alfabeti, yatakuwa 1, 2 na 3. Sasa baina ya Lamu, penye 1, na Mombasa, penye 3, uso wa ramani hauna budi kupita 2. Basi karibu na Malindi hutokea ukanda wa jicho, neno la Unguja, wala hapana mtu wa Malindi aliyeulizwa! Kulainisha rangi hakuondoi kosa hili. Kila umbo la neno lichorewe uso wake peke yake, au kila mahali papewe rangi ya nukta iliyo karibu zaidi.

Kosa la pili latokana na umbo la pwani yetu. Kutoka Barawa hadi Kilwa ni kama digrii 10 za latitudo, na nukta zimejipanga karibu katika mstari mmoja. Tukiziunganisha kwa pembetatu za Delaunay (1934), pembezoni hutokea pembetatu ndefu, nyembamba, zinazopaka rangi bahari na bara pasipo shahidi. Desturi ni kufuta zile zenye upande uliopita kiasi fulani. Dawa hiyo naikubali kwa shingo upande, kwani kwa Waswahili bahari ni njia, na kipimo kikali chaweza kuitenga Pemba na Mtang'ata.

Vipo pia viduara vizungukavyo nukta katika njia ya Shepard (1968). Wengi huvifuta upesi. Lakini Makunduchi na mji wa Unguja haziachani hata kilomita 70, na lahaja zake ni mbali kabisa. Hapo kiduara ni kweli, na kukilainisha ni kuifuta lahaja. Njia ya kupambanua ni kuificha nukta moja, kuchora upya, na kutazama kama ramani yaweza kuibashiri. Isipoweza, mtafiti arudi huko akaulize vijiji vya jirani. Na wahariri wasipokee ramani isiyoonyesha nukta zake.