Joho la Wakili Mwilini mwa Mpishi

Stefanie Zweig alizaliwa 1932 huko Leobschütz, Silesia, binti wa wakili Myahudi. Wanazi walipofanya maisha yasiwezekane, familia ilikimbilia Kenya 1938, na baba akaishia kusimamia shamba la mtu. Hayo ndiyo aliyoyageuza kuwa riwaya, Nirgendwo in Afrika, mwaka 1995. Humo familia inaitwa Redlich.

Wengi huisifu kwa mandhari. Mimi naona nguvu yake iko kwenye vitu viwili tu. Jettel, mke, anaagizwa alete friji. Anakuja na gauni la sherehe. Walter, mume, anampa mpishi wao, Owuor, joho lake la uwakili. Hakuna hotuba, lakini umeshaelewa hawa walikuwa watu wa hadhi gani kwao, na wameshuka kiasi gani.

Ila hapo ndipo ninapogombana na kitabu. Nimekisoma hapa Fort Ternan, reli inaposhuka kuelekea Muhoroni na Kisumu, upande wa kina Owuor. Ya Walter tunayabeba yote: baba yake, dada yake, hofu ya barua zisizokuja. Owuor naye? Anapika, anachekesha, anawafuata kila wanakohamia. Yeye pia ameacha watu nyumbani, lakini hilo linapitwa haraka.

Isome, ni riwaya nzuri kweli. Ukifika kwenye lile joho, tulia kidogo, ujiulize aliyelivaa ni mtoto wa nani.