Unapojibu, Tafadhali Taja

Katika kata ya Chemchem, manispaa ya Tabora, lipo duka la vipuri vya pikipiki ambalo mafundi hulisifu kwa jambo moja: ukienda na kifaa kibovu ulichokifunga kwenye kitambaa chenye mafuta, huambiwi urudi kesho ili stoo itazamwe. Anayeliendesha ni mama wa makamo aliyesomea ukutubi Bagamoyo. Hajawahi kuajiriwa na maktaba hata moja. Alipomaliza masomo nafasi hazikuwepo; shemeji yake alikuwa na duka, akaingia kusaidia kwa muda, na muda huo haujaisha mpaka leo.

Nimekaa sana kwenye benchi la duka lile nikisingizia kumsubiri fundi wangu, kumbe namtazama yeye. Kijana anaingia: "Shikamoo mama, naomba waya." Mama anaitikia marahaba, wala hagusi rafu. Wa klachi au wa breki? Pikipiki ya aina gani? Umekatika, au unakwama tu? Baada ya maswali machache kijana anagundua kwamba waya wake ni mzima na kilichokufa ni kingine kabisa. Anaondoka na kifaa cha bei ndogo kuliko alichokuja kukitaka. Waliokaa kwenye meza ya maulizo ya maktaba wanaijua kazi hiyo. Msomaji huja akiomba kitabu cha historia, kumbe anatafuta habari za ukoo wa babu yake, na mkutubi asiyeuliza humpa kitabu kizuri kisichomsaidia.

Chini ya kaunta kuna daftari kubwa lenye jalada gumu. Humo kila kifaa kina jina moja aliloliteua mwenyewe, na majina mengine yote ambayo mafundi hukiita yameandikwa mahali pake pa alfabeti, kila moja likifuatwa na neno "tazama". Anayetaka kebo ya klachi na anayetaka waya wa klachi huishia kwenye boksi lilelile. Vijana wawili wanaomsaidia hawakusoma sana, lakini wanalipata boksi hilo bila kumwita. Akienda msibani Nzega au Sikonge, duka halimsubiri. Wenye maduka wengi huwa na stoo yote kichwani, na siku wanapougua, duka linaugua nao. Huyu ameitoa kichwani akaiweka pale ambapo mwingine anaweza kuisoma.

Watu humwonea huruma. Kusoma kote kule, aishie kuuza plagi! Siku moja mteja alimwambia hivyo mbele yangu. Mama alicheka, akajibu, "Kwani plagi haina anayeitafuta?"

Jibu lile limebeba taaluma nzima. Tumezoea kuufikiria ukutubi kama vitabu, ukimya na vumbi, lakini kiini chake ni kukipanga kitu leo ili mtu usiyemjua akipate kesho, wewe mwenyewe usipokuwepo. Melvil Dewey alipochapisha mpango wake wa namba huko Marekani mwaka 1876, alitaka mgeni asimhitaji mwenyeji. Ufugaji wa nyuki, riziki ya Tabora tangu enzi, katika mpango huo uko chini ya 638, na maktaba yoyote inayoufuata, iwe Tabora au Chicago, itakuonyesha asali mahali palepale. S. R. Ranganathan wa Madras, katika kanuni tano alizozitoa mwaka 1931, aliiweka moja nzima kwa ajili ya muda wa msomaji, kwamba usipotezwe. Kanuni hiyo haidai paa la maktaba. Mgonjwa anayesubiri kadi yake dirishani naye ana muda. Mjane anayefuatilia jalada la mirathi ana muda, na mara nyingi ana nauli ya siku moja tu.

Mji huu ulipaswa kulijua jambo hili kuliko miji mingine, kwa kuwa umelelewa na mizigo. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikaja kupumzika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, ilibeba vitambaa, nyaya na shanga, na shanga hazikuwa shanga tu. Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871, aliandika kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha kwa Wagogo lakini kwa makabila mengine hazikuwa na thamani yoyote, na Wanyamwezi walizitaka nyekundu. Aliyeshindwa kujua mzigo upi una shanga zipi, na utafunguliwa nchi gani, alikaribisha njaa kwenye kambi yake. Safari ileile ilionyesha pia ubaya wa mzigo usio na wa kuuangalia. Mfuko wa barua za Livingstone, msafiri ambaye Stanley alikuwa akimtafuta, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulitoka Zanzibar, ukalala Bagamoyo, ukalala tena Unyanyembe, na ulimfikia mwenyewe Ujiji baada ya mwaka mzima, tena kwa sababu Stanley aliukuta njiani akauchukua.

Lakini ninayemkumbuka zaidi katika njia ile ni Jacob Wainwright. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa na wamisionari Nasik, India. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa watu waliopelekwa kwa Livingstone, aliyekuwa akiwasubiri Kwihara, hapa jirani. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, wenzake walifanya jambo ambalo ofisi nyingi za leo, zenye viyoyozi, hazilifanyi bosi anapoondoka. Waliyafungua masanduku ya marehemu mbele ya watu wote, ili wote wawe mashahidi, na Jacob akaombwa aandike kila kilichomo.

Orodha ile ni fupi na inanigusa kila ninapoifikiria. Kulikuwa na fedha kidogo, kofia, saa, dira. Kisha vikaja vyombo vya kisayansi ambavyo majina yake Jacob hakuyajua. Hakuviruka, wala hakuvibatiza majina ya uongo. Aliandika kwamba ni vyombo vya namna nyingine vya kupimia, akataja idadi, akaendelea. Hebu fikiria hali yenyewe: porini, mvua, ugonjwa, maiti ya kiongozi inasubiri kutayarishwa, hofu ya safari ya miezi mingi iliyo mbele. Katika hali hiyo kijana anakaa na kalamu na kuwa mwaminifu hata kwa kitu asichokijua. Anakieleza kwa kazi yake ili atakayekijua aje akitambue. Sijasoma mahali popote maelezo bora ya kazi ya kuorodhesha kuliko kitendo kile.

Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, pamoja na wenzao waliubeba mwili wake, na Oktoba 1873 wakafika Unyanyembe. Walimkuta Luteni Cameron, aliyetaka azikwe hapahapa; wakakataa, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Jacob alilisindikiza jeneza hadi Uingereza na kuwa mmoja wa waliolishika katika mazishi ya Westminster Abbey, Aprili 1874. Shajara aliyoiandika imehifadhiwa mpaka leo. Yeye mwenyewe alirudi bara, akafia Urambo mwaka 1892, si mbali na hapa. Hakuwa na cheo cha mkutubi wala cha mtunza nyaraka. Alikuwa na ujuzi, na ujuzi ulimfuata njiani.

Nililelewa karibu na ujuzi huo bila kujua jina lake. Marehemu mjomba wangu alikuwa karani wa masijala. Barua ikiingia aliigonga mhuri wa tarehe, akaiandika kwenye rejista, akaitoboa na kuiweka ndani ya jalada lake, kisha kwenye pembe ya juu, kulia, akaandika namba ya folio kwa wino mwekundu na kuizungushia duara. Duara lile lilikuwa zuri. Alilichora polepole kana kwamba kuna mtu atalipima. Jalada lilipotoka kwenda kwa afisa, liliacha jina la mchukuaji na tarehe nyuma yake. Walipolalamika kwamba jalada limepotea, mjomba alikuwa na usemi wake: "Jalada halina miguu, limetoka na mtu." Alifungua rejista, akamtaja mtu huyo, na mara nyingi mtu huyo ndiye aliyekuwa analalamika.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma barua ya serikali kuanzia pale ambapo watu hawasomi. Wengi wetu huruka moja kwa moja hadi "Yah:" kuona tumeitiwa nini. Mjomba alianzia kwenye mstari mdogo ulio juu: "Unapojibu tafadhali taja", na chini yake Kumb. Na. yenye herufi, mikwaju na tarakimu. Herufi zinakupeleka kwenye fungu la mambo, tarakimu kwenye jalada, na ya mwisho kwenye karatasi yenyewe. Mstari ule ni ahadi ya ofisi kwa mwananchi: ukitutajia namba hii, hata kama aliyekuandikia amestaafu au amefariki, tutayakuta maneno yetu na hatutayakana. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo karatasi inaweza kumpa mtu.

Bagamoyo, njia ya misafara ilipoanzia, tangu mwaka 1989 kuna chuo cha ukutubi na nyaraka. Tabora, njia ilipopumzikia, kilikuwepo Chuo cha Uhazili, ambacho sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, na humo vijana wanafundishwa utunzaji wa kumbukumbu. Sheria tunayo pia, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Na majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa yaliingizwa na UNESCO mwaka 1997 kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia. Mkoloni amekwenda zake, madaftari yake bado yanasomeka. Je, yetu ya miaka 20 iliyopita yanasomeka?

Tembea jioni sokoni ununue karanga, kisha isome karatasi uliyofungiwa. Nimeshakutana na majina ya wanafunzi na alama zao, na mara moja barua ya mtu aliyeomba arudishiwe kiwanja chake, duara jekundu la folio likiwa bado pembeni. Ofisi ilikotoka sitaitaja. Mwenye barua ile huenda bado anaambiwa hajawahi kuandika. Nako kwenye kompyuta tunazozionea fahari, barua muhimu inaitwa "mpya", nyingine "mpya 2", nyingine "mwisho kabisa", na mkataba wa mamilioni unaishi ndani ya simu ya mtu mmoja, kati ya picha za harusi. Simu ikidondoka kwenye daladala, taasisi imesahau. Tunahamisha majalada kwenda mtandaoni, na ni vizuri, ila vurugu ikiingizwa kwenye mashine hutoka ikiwa vurugu yenye kasi.

Wakati huohuo wahitimu wa ukutubi na wa kumbukumbu wanazunguka na bahasha za kaki wakiambiwa hakuna nafasi, maana mkoa una maktaba moja nayo imejaa. Nafasi ziko hospitalini, mahakamani, kwenye ofisi za ardhi, kwenye vyama vya wakulima wa tumbaku, redioni ambako kanda za zamani zinaoza, na kwenye stoo ya kila mfanyabiashara anayenunua mara mbili kitu alichonacho kwa kuwa hakioni. Kijana uliyesoma fani hii, usiombe kazi ya kukaa na vitabu. Mwendee mwajiri mwonyeshe kitu kimoja alichokipoteza, kisha kitafute. Na wewe mwajiri unayelalamika kwamba ofisini kwako hakipatikani kitu, ajiri kwanza mtu wa kumbukumbu, ndipo ununue kompyuta nyingine.