Uso wa Mjumbe na Waliobaki Nje ya Fremu: Uhakiki wa Mchoro wa Edward Mooney (1840)

Mwishoni mwa Aprili 1840, merikebu Sultana ya Sayyid Said bin Sultan, iliyotoka Zanzibar, ilitia nanga New York. Shehena yake ilijumuisha pembe 108 za ndovu na magunia 135 ya karafuu. Kabla ya merikebu kurejea mwezi Agosti, mjumbe wa Sultani, Ahmad bin Na'aman, alichorwa na Edward Mooney, mchoraji wa sura za watu ambaye leo hajulikani sana hata kwao. Mchoro huo hutumiwa mara nyingi kupamba masimulizi ya diplomasia. Unastahili kusomwa kama hoja.

Mooney alikuwa mwanafunzi wa Henry Inman, mchoraji mashuhuri wa sura za wakubwa wa Marekani. Katika mapokeo hayo, mwili hutulizwa na uso hupewa uhai. Mooney alimchora mgeni kwa kanuni ileile. Kilemba kinaonyesha atokako, lakini jicho la mtazamaji huvutwa usoni. Katika karne ambayo wachoraji wengi wa Ulaya waliwageuza watu wa Mashariki kuwa mapambo, Ahmad hakufanywa kioja. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mchoro.

Udhaifu wake umo katika heshima hiyohiyo. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa. Pembe zilifikishwa pwani kwa mabega ya wapagazi. Merikebu ilivushwa na mabaharia. Hakuna hata mmoja wao aliyemo ndani ya fremu. Lawama haimwangukii Mooney peke yake, kwa kuwa utanzu wa picha ya sura huhifadhi mtu mmoja. Hata hivyo, anayeuonyesha mchoro huu kama sura ya Zanzibar ya 1840 anaurithi ukimya wake.

Mchoro umehifadhiwa katika Peabody Essex Museum, mjini Salem, ambako wafanyabiashara wake walifaidika na soko la Zanzibar. Haukuporwa, ulichorwa huko Marekani. Kwa hiyo, suala la kisera si umiliki wa turubai bali ni maelezo yanayoambatana nayo. Nakala itakayoonyeshwa Afrika Mashariki iwekwe kando ya orodha ya shehena, na maelezo yake ya Kiswahili yataje waliochuma, waliobeba na waliovusha. Bila hayo, watazamaji watamjua mjumbe tu, wasiwajue waliogharimia safari yake kwa jasho lao.