Magogo ya Greensted

Gogo bichi la mwaloni, ukilipiga kabari pale linapotaka, hujipasua lenyewe. Ufa hufuata nyuzi za mti toka ncha hadi shina, na nyuzi zenyewe zinabaki nzima. Msumeno huzikata, na palipokatwa maji hupata njia ya kuingilia. Mafundi waliojenga kanisa la Mtakatifu Andrea, katika kijiji cha Greensted, Essex, nchini Uingereza, walitumia kabari. Kuta zao zimesimama kwa zaidi ya miaka 900.

Magogo hayo yaliyopasuliwa yamepangwa wima, bega kwa bega. Upande wa nje yana mgongo wa mviringo, vile vile mti ulivyoota. Upande wa ndani yamechongwa bapa kwa tezo, na makovu ya tezo bado yanaonekana. Ubavuni mwa kila gogo fundi alichimba mfereji mwembamba kutoka juu hadi chini. Magogo mawili yanapokutana, mifereji yao hutazamana, na ndani yake akachomeka ubao mwembamba wa mwaloni. Hakuna pamba wala kalafati. Mbao zikivimba kwa unyevu au zikinywea kwa ukavu, ubao ule hucheza humo humo na upepo haupati upenyo. Kwa hili namvulia kofia fundi asiyejulikana jina: alijua mti hautulii hata ukishakatwa, akauachia nafasi.

Wataalamu waliwahi kusema kuta hizi ni za mwaka 845. Pete za mbao zilipochunguzwa upya mwaka 1995, umri ukashuka: miti ilikatwa miaka ya 1060 au baada ya hapo. Hata hivyo, wengi wanalihesabu kuwa kanisa la mbao kongwe kuliko yote duniani. Lilikuwa limeshazeeka Mfalme Henry VIII alipoachana na Roma mwaka 1534, na baadaye, ndani ya kuta zile zile, ibada ya Kilatini ikapisha ya Kianglikana. Humo ndimo alimofungia ndoa James Brine mwaka 1839, mmoja wa vibarua sita wa kijiji cha Tolpuddle waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Australia kwa kosa la kula kiapo cha siri walipounda chama cha wafanyakazi.

Mafundi waliofuata nao wanastahili sifa. Sehemu ya madhabahu ilijengwa kwa matofali mnamo 1500, na watu walipotaka mwanga zaidi, madirisha yalitokezwa kwenye paa, ukuta ukaachwa. Kufikia 1848 miguu ya magogo ilikuwa imeoza. Wapo wanaowalaumu watengenezaji wa zama za Malkia Victoria kwa kubadili mengi mno, na kuhusu paa wana hoja. Lakini kuhusu kuta siwalaumu hata kidogo: walikata sehemu iliyooza tu, wakajenga msingi mfupi wa matofali, na juu yake wakayasimamisha tena magogo yale yale.