"Stelingi Hafi": Mtazamaji wa Kawaida na Uhakiki wa Filamu

Katika maandishi mengi ya uhakiki wa Kiswahili, sinema hutajwa kwa nadra, na inapotajwa aghalabu hutajwa kama chombo cha kuwapotosha vijana. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walisaidia kuzipa sanaa za jukwaani heshima mbele ya wasomi. Filamu haikupata bahati hiyo. Mtazamaji wa kawaida, yaani yule alipaye kiingilio, akaketi gizani saa mbili au tatu, kisha akatoka akibishana na wenzake njia nzima hadi nyumbani, amepata bahati ndogo zaidi. Makala haya yanadai kwamba mabishano hayo ya njiani ni uhakiki. Kwamba yana istilahi zake, vipimo vyake na dosari zake. Na kwamba mhakiki wa chuo akiyapuuza hubaki na istilahi za kutafsiri ambazo hazina mwenyewe nje ya darasa.

Si kwamba maoni ya mtazamaji wa Kiafrika hayajapata kukusanywa. Yamekusanywa tangu zamani, ila na watu waliokuwa na haja nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliongoza mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Filamu zao zilihusu kodi, kilimo, minyoo, na manufaa ya kuweka akiba posta, na zilizungushwa kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki huku maelezo yakisikika kutoka kwenye sahani za santuri. Watazamaji walichunguzwa, na ripoti ikachapishwa London mwaka 1937. Swali lililoulizwa halikuwa iwapo watu waliiona filamu kuwa nzuri. Lilikuwa: je, wameelewa walichotakiwa kuelewa?

Mfano mashuhuri zaidi wa uchunguzi wa namna hii ni ule wa kuku. John Wilson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha London, alisimulia jinsi filamu fupi ya usafi ilivyoonyeshwa kijijini. Mkaguzi wa afya anaonekana akiondoa maji yaliyotuama, akiokota mikebe, hatua kwa hatua, polepole. Watazamaji walipoulizwa wameona nini walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji wenyewe hawakujua kama mna kuku humo. Iliwabidi waikague picha moja baada ya nyingine ndipo wakamwona, akipita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi. Marshall McLuhan aliitwaa hadithi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962, nayo ikawa ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kuisoma picha kwa ukamilifu wake. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Mtu aliyeonyeshwa mgeni akiokota mikebe kwa mwendo wa kinyonga, na katikati ya uchovu huo akaona kiumbe kimoja kinachokwenda kwa hiari yake, ana haki ya kumtaja kiumbe huyo. Jibu la wanakijiji laweza kusomwa kama hukumu juu ya filamu, tena hukumu kali: ndani yake hamkuwa na kitu kilicho hai isipokuwa kuku.

Ukusanyaji wa namna hiyo uliwanyima watazamaji kitu kimoja, nacho ni uwezo wa kuchagua. Kwenye majumba ya sinema ya mijini, Majestic ya Unguja, Regal ya Mombasa au Shan ya Ngara, mtu alichagua kwa senti zake, na alipochagua vibaya alisema. Hapo ndipo msamiati wa mtaani ulipokomaa. Filamu iliitwa picha. Kuigiza kuliitwa kucheza, kitenzi kile kile cha ngoma na cha mpira, hivyo aliyeigiza vibaya alihukumiwa kama mchezaji aliyekosa bao: hakucheza. Mpinzani aliitwa adui au jambazi. Na katikati ya yote akasimama stelingi.

Neno hili yaonekana limetokana na lile la Kiingereza lililokuwa likichapishwa kwenye mabango mbele ya jina la mchezaji mkuu. Watazamaji walilichukua kama jina la cheo, wakalipa kanuni iliyo maarufu kuliko kanuni yoyote iliyomo katika vitabu vyetu vya fani: stelingi hafi. (Mwanafunzi aandikaye "stelingi" katika karatasi ya mtihani hukatwa alama; akiandika "protagonisti" husifiwa kwa usomi.) Wahadhiri wanaofundisha nadharia ya upokezi hutumia muda mrefu kueleza dhana ya Hans Robert Jauss ya upeo wa matarajio, yaani yale ayajuayo na kuyatazamia msomaji kabla hajaufungua ukurasa wa kwanza. Kanuni ya stelingi ni upeo huo huo, umesemwa kwa maneno mawili, na umesemwa na watu wasiomjua Jauss. Mtazamaji anayeijua hana hofu kama shujaa atapona. Anachokitazamia ni namna atakavyopona, na kama namna hiyo inaaminika.

Thamani ya kanuni huonekana pale inapotikiswa, na hakuna filamu iliyoitikisa kama Sholay ya Ramesh Sippy, iliyotolewa mwaka 1975. Thakur, aliyekuwa afisa wa polisi, anawakodi wezi wawili, Veeru na Jai, wamkamate Gabbar Singh, jambazi aliyeua jamaa zake na kumkata yeye mikono yote miwili. Katika mapambano ya mwisho Jai anakufa. Sasa, nani stelingi? Anayeitetea kanuni atasema ni Veeru, kwa kuwa amebaki hai na amempata Basanti. Jai alikuwa msaidizi tu. Mwingine atajibu kwamba stelingi ni Thakur, kwa kuwa kisasi ni chake, na hao wawili ni mikono aliyonyang'anywa. Wa tatu atasema kwamba stelingi ni Jai, kwamba amekufa kweli, na kwamba ndiyo sababu watu wazima walitoka wakijifuta macho.

Mabishano haya si ya kitoto. Wa kwanza anamtambua mhusika mkuu kwa tuzo anayopewa na msuko. Wa pili anamtambua kwa dai linaloisukuma hadithi. Wa tatu anamtambua kwa mahali ulipolala moyo wa mtazamaji. Kitabu chochote cha uhakiki kikimfafanua mhusika mkuu huchagua moja kati ya njia hizo, na mara nyingi hakisemi kwamba kimechagua. Zaidi ya hayo, wa tatu ana ushahidi wa ndani. Kila wawili hao walipokuwa na jambo zito la kuamua, Jai alirusha sarafu. Anapokufa, Veeru anaiokota na kugundua kwamba pande zake zote mbili ni sawa. Jai hakuwa akibahatisha. Alikuwa akiamua, na safari ya mwisho aliamua kubaki nyuma. Msaidizi hapewi siri ya namna hiyo.

Kipimo cha pili cha mtazamaji wa kawaida ni fundisho. Picha njema ina fundisho. Isiyo nalo ni ya kupitisha wakati. Wasomi wamekuwa wakikidharau kipimo hiki kwa kukiona kuwa ni mabaki ya shule za misheni, lakini mfano wa Awaara ya mwaka 1951 unadai tahadhari. Katika filamu hiyo, jaji Raghunath anashikilia kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Anamfukuza mkewe mjamzito kwa shaka, na mtoto aliyezaliwa mtaani, Raj, analelewa na jambazi lile lile ambalo jaji alilihukumu. Mwishowe Raj anasimama kizimbani mbele ya baba yake, akitetewa na Rita, mwanamke mwanasheria. Mswahili aliyeketi Unguja au Mombasa hakuhitaji kutafsiriwa itikadi ya jaji. Alikuwa nayo katika methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa hiyo alipoitazama filamu alikuwa akiitazama methali yake mwenyewe ikishtakiwa. Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani aliyewahoji wakazi wa Unguja waliokuwa vijana katika miaka hiyo, ameonyesha jinsi picha za Kihindi za wakati ule zilivyowapa watu nafasi ya kujadili mapenzi, uchaguzi wa mchumba na amri ya wazazi, mambo ambayo barazani yalikuwa mazito kuyataja. Wengi wao hawakukijua Kihindi. Fundisho walilolipata halikubandikwa na mtengenezaji kama lile la filamu za akiba ya posta. Walilitoa wenyewe, kwa kubishana.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kumpamba mtazamaji wa kawaida kana kwamba haonekani kasoro. Kipimo cha fundisho kina ndugu yake asiyependeza, naye ni mkaguzi wa serikali. Sholay iliyotolewa mwaka 1975 si ile aliyoikusudia Sippy. Katika mwisho wa awali Thakur anamuua Gabbar. Wakaguzi wa India wakataka polisi wafike na kumzuia, ili raia wasijifunze kujichukulia sheria mkononi. Huko Kenya, mwaka 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, na ni amri ya mahakama iliyowawezesha watu kuitazama kwa siku saba tu. Mkaguzi naye huuliza, "Picha hii inafundisha nini?" Tofauti ni kwamba yeye hulijibu swali hilo kabla mtazamaji hajaingia.

Dosari ya pili imo ndani ya msamiati wenyewe. Stelingi ni mwanamume. Mwanamke katika lugha hii ni mpenzi wa stelingi, au mama wa stelingi, na hana jina pale stelingi asipokuwapo. Mother India ya mwaka 1957, ambamo Radha anampiga risasi mwanawe mpenzi kwa ajili ya heshima ya kijiji, yatosha kuifedhehesha istilahi hiyo, kwa kuwa uzito wote wa hadithi umo mabegani mwa mama. Na katika Sholay yumo mjane, naye pia anaitwa Radha, aliyekuwa ameanza kumpenda Jai. Jai anapokufa, mjane huyo anarudi ndani na kufunga dirisha. Katika mabishano ya nani stelingi, dirisha hilo halina mahali.

Tangu video ilipoingia, maoni ya mtazamaji yamefanya jambo ambalo wananadharia wa upokezi hawakulitabiri: yameingia ndani ya filamu yenyewe. Dar es Salaam ilimjua Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili katika vibanda vya video na baadaye kwenye kanda. Kenya inamjua DJ Afro. Matthias Krings wa Ujerumani, katika makala yake, aliifananisha kazi ya wasimulizi wa Tanzania na kuugeuza wali kuwa pilau. Msimulizi hatafsiri tu. Humwonya stelingi, humcheka adui, huwapa Wamarekani na Wachina majina ya mtaani, na mchezaji akifanya upumbavu humwambia hapo hapo. Walimu wa Kiswahili Sanifu wamelalamika juu ya Sheng inayopenya humo, na malalamiko hayo yana haki yake. Lakini anayesikiliza kwa sikio la fasihi simulizi atamtambua mtambaji wa hadithi, ambaye hakupata kamwe kusimulia bila kutoa hukumu. Lililo la kusikitisha ni jingine. Msimulizi huyu ni mfanyabiashara, na biashara yake inataka ngumi na risasi. Filamu iliyo kimya, inayomtazama mtu akifikiri, haigusi. Kwa hiyo upeo wa matarajio ambao Awaara iliupanua sasa unafinywa na sauti ile ile iliyo karibu zaidi na watu.

Watengenezaji wa filamu wa Kenya wameliona suala hili kabla ya idara za lugha. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inaanza na Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja: mtazamaji aliyegeuka mchezaji kwa kuwa ametazama sana. Naye Jo, mtoto mgonjwa katika Supa Modo ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, amezishika picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu hata anajiona mmoja wao. Wanakijiji hawamkatishi tamaa. Wanajifanya maadui ili apate kushinda, kisha wanaamua kutengeneza filamu yake, yeye akiwa stelingi. Jo anakufa. Filamu iliyotengenezwa kijijini inaonyeshwa, naye yumo, anaruka. Waliokuwa wakibishana juu ya Jai wana kesi mpya ya kuamua, na safari hii picha ni ya kwao na lugha ni ya kwao.